Nafasi ya pistoni kwenye injini ya turbo ya mbio: 0.05, 0.09 au 0.15?

Swali: Fundi, najenga injini ya 4G63 ya Mitsubishi, ya turbo, kwa ajili ya mbio za mzunguko, kila mbio dakika 20 hivi. Bloku ni ya chuma, silinda zinachongwa kutoka milimita 85 hadi 85.5. Pistoni ni za foji (zilizofuliwa kwa mgandamizo, si za kumiminwa), aloi ya 2618, na kadi iliyokuja nazo imeandika nafasi ya milimita 0.09 kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Fundi mashine anataka kuacha 0.05 kama za kiwandani ili injini isigonge ikiwa baridi. Mwenzangu ninayeshindana naye anasema kwa busti (mgandamizo wa hewa ya turbo) ya bar 2 nifungue mpaka 0.15, pistoni isije ikakamata. Nimsikilize nani?

Jibu: Usimsikilize hata mmoja. Mwambie fundi mashine akupe 0.10. Akikuletea 0.095 au 0.105, mshukuru na uondoke na bloku yako. Akikuletea 0.05, usiifunge hiyo injini hata kwa kuijaribu.

Namba hiyo haitoki kwenye busti moja kwa moja, na hapo ndipo mwenzako anapokosea. Nafasi unayoiacha pistoni ikiwa baridi haiujui mgandamizo wa turbo. Inachojua ni joto. Pistoni ni alumini, bloku yako ni chuma cha kusubu, na vitu hivi viwili havitanuki sawa. Aloi ya 2618 hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa kila nyuzi moja ya joto: mikroni 22 na kitu kwa kila mita, wakati chuma cha kusubu ni kama 11.

Tuingize namba hizo kwenye injini yako. Chukulia karakana iko nyuzi 20 na unapima pale. Injini ikishika joto la kazi, tuseme ukuta wa silinda uko nyuzi 100 na sketi ya pistoni, yaani sehemu yake ya chini inayoteleza ukutani, iko nyuzi 120. Silinda imepanda nyuzi 80, kipenyo chake kimeongezeka milimita 0.075. Pistoni imepanda nyuzi 100, imeongezeka 0.19. Nafasi iliyopotea ni karibu 0.115. Sasa rudi kwenye ushauri wa fundi wako: 0.05 ukitoa 0.115. Hata kadi yenyewe, 0.09, kwa hesabu hii imeisha.

Usishtuke, kadi haijakosea. Sketi ya pistoni si bomba lililonyooka. Imechongwa na tumbo kidogo, nene katikati na nyembamba juu na chini, na ukiitazama kutoka juu si duara kamili: upande wa pini (inayoiunga pistoni na mkono wake) umepunguzwa. Pia ni nyembamba, kwa hiyo ikibanwa hujikunja ndani kidogo na kuendelea na safari, ikielea juu ya utando wa oili. Waliochora pistoni wanajua kwamba injini ikiwa moto sketi itaegemea ukuta, na wameiacha iegemee kwa kiasi. Balaa linaanza pale kiasi hicho kinapopitwa: utando wa oili unakatika, alumini inagusa chuma kavu, inalamba ukuta, joto linapanda zaidi, pistoni inatanuka zaidi. Kuanzia hapo ni sekunde tu.

Hesabu nyingine ninayotaka uishike kichwani ni hii: kwa pistoni ya milimita 85.5, kila nyuzi 10 ambazo pistoni inapanda peke yake, ukuta ukibaki pale pale, zinakula milimita 0.019. Hiyo ndiyo lugha halisi ya busti. Turbo inaingiza hewa nyingi, mafuta mengi yanaungua, joto linaloingia kwenye kichwa cha pistoni linaongezeka, na sehemu yake inateremka hadi kwenye sketi. Ukuta wa silinda nao unapashwa, ila nyuma yake kuna maji yanayouzuia usipande sana. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema turbo inahitaji nafasi zaidi, maana yake ni kwamba tofauti ya joto kati ya pistoni na ukuta imekua. Ikikua kwa nyuzi 5, unahitaji mia moja ya milimita, yaani 0.01. Ili uhitaji 0.06 zaidi ya kadi, kama anavyopendekeza mwenzako, sketi yako ingelazimika kupanda nyuzi 30 juu ya ile waliyoitegemea watengenezaji. Ikifika huko, una tatizo la mwako au la oili, na kuchonga silinda hakutalitibu.

Fundi mashine naye ana sababu yake, na si mjinga. Pistoni nyingi za kiwandani ni za kumiminwa, zenye silikoni nyingi ndani yake, na silikoni ndiyo inayozuia alumini kutanuka sana. Ndiyo maana huachiwa 0.02 hadi 0.05 na zinaishi miaka. Hata kwenye foji kuna aloi mbili zinazokutana sana kwenye injini za nguvu: 4032, yenye silikoni kama asilimia 12, na 2618, ambayo karibu haina silikoni. Kwa pistoni ya ukubwa wako ikipanda nyuzi 100, tofauti ya kutanuka kwa aloi hizo ni milimita 0.025 hivi, na ndiyo maana kadi za 4032 huwa na namba ndogo. 2618 inachaguliwa kwa turbo ya mbio kwa sababu haivunjiki kirahisi: ikipata kipigo inapinda kabla ya kupasuka, na inashika nguvu yake kwenye joto. Aloi ya ukoo huohuo ndiyo iliyotumika kwenye mwili wa ndege ya Concorde, ambao ulikuwa unapata moto kwa kukata hewa kwa mwendo wa zaidi ya sauti. Bei ya uimara huo unailipa kwa kutanuka, kwa hiyo kelele asubuhi injini ikiwa baridi ni sehemu ya mkataba. Anayetaka pistoni ya 2618 isiyogonga ikiwa baridi anataka injini nyingine.

Kwa nini basi 0.10 na si 0.09? Kwanza soma tena kadi yako. Baadhi ya watengenezaji huandika namba ya injini isiyo na turbo halafu mstari wa chini wakakuambia uongeze kiasi fulani kwa turbo. Wengine, hasa pistoni zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya injini iliyozaliwa na turbo kama 4G63, wameshaiweka turbo ndani ya namba. Ikiwa kadi yako inataja turbo waziwazi, uko karibu sana na jibu, na ile mia moja ninayoongeza ni kwa sababu ya dakika 20. Mbio za mstari mnyooka hukaa kwenye busti kwa sekunde chache: kichwa cha pistoni kinapata moto mkali lakini sketi haijapata muda wa kuiva. Wewe unakaa kwenye busti, unaachia kona, unarudi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka oili na kila kitu kimelowa joto. Kanuni ya zamani ya mafundi wa foji ni elfu moja ya kipenyo, yaani 0.0855 kwako, kisha nyongeza kidogo kwa turbo. Inakuleta palepale, na mimi hupenda njia mbili zinapokutana.

Ingekuwa bloku ya alumini, hadithi ingebadilika, maana bloku nayo inatanuka ikimfuata pistoni, na hata ikiwa na laina za chuma ndani yake, laina zinavutwa na alumini iliyozizunguka. Nafasi ya baridi huwa ndogo. Na injini ya methanoli ya mbio fupi, inayokimbia maji yakiwa karibu baridi, huhitaji zaidi, kwa sababu ukuta hautanuki sana wakati pistoni inatanuka. Hayo si yako, lakini usije ukanakili namba ya mtu bila kujua bloku yake ni ya nini.

Sasa 0.15 ina ubaya gani, kama nafasi kubwa inazuia kukamata? Pistoni yenye nafasi kubwa haiendi juu na chini tu, inayumba kwenye pini yake. Inapofika juu na mwako ukaipiga, inahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine na kuupiga. Ringi zinategemea pistoni iliyosimama wima ili uso wao ulale sawasawa kwenye ukuta. Pistoni ikiyumba, ringi inakanyaga kwa ukingo, gesi inapita kwenda chini, oili inapita kwenda juu, na oili ikichanganyika na mafuta ndani ya chumba cha mwako inaleta detonesheni (mafuta kulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio) mapema zaidi. Halafu sehemu kubwa ya joto la kichwa cha pistoni hutoka kupitia ringi kwenda ukutani. Ringi zisizolala vizuri zinaiacha pistoni ikiwa moto zaidi. Kwa hiyo yule aliyefungua nafasi ili aiokoe pistoni na joto anaweza kuwa ameiongezea joto. Sketi yenyewe ikipigwapigwa ukutani hujikunja ndani na isirudi, na nafasi inazidi kukua kila wikiendi ya mbio. Kuna na jambo dogo la umeme: sensa ya noki inaweza kusikia pistoni inayogonga ukuta ikadhani ni detonesheni, kompyuta ikarudisha nyuma taimingi (wakati wa kutoa cheche), na wewe unatafuta nguvu iliyopotea usiione.

Yote haya hayana maana kama kipimo chenyewe si cha kweli, na hapa ndipo ninapotaka ukae na fundi wako muda mrefu kuliko mnavyobishana kuhusu namba. Nimeona injini zinazosemwa kuwa 0.10 ambazo ukizipima vizuri ni 0.07, na nyingine 0.13.

Anza na pistoni. Kadi inaonyesha mahali pa kupima: umbali fulani chini ya mfereji wa ringi ya oili au juu ya ukingo wa chini wa sketi, na siku zote kwa pembe mraba na pini. Kwa sababu ya lile tumbo la sketi, ukipima milimita 10 juu au chini ya alama, maikromita itakupa pistoni nyembamba, na nafasi utakayoihesabu itakuwa kubwa kuliko ilivyo. Unaichonga silinda kwa kuamini una 0.10, kumbe mahali penye tumbo una 0.08. Kama sketi ina rangi ile nyeusi ya kupunguza msuguano, angalia kadi inasemaje: wengine wanataka upime juu ya rangi, wengine wameipuuza rangi kabisa. Rangi ya mikroni 10 kila upande ni mikroni 20 kwenye kipenyo, na hapo ubishi wenu wote umekwisha kabla ya kuanza.

Kisha silinda. Pima pistoni namba moja kwa maikromita, funga kufuli la maikromita usiliachie, ishike kwenye vaisi yenye midomo laini. Ingiza geji ya silinda katikati ya midomo ya maikromita na uiyumbishe polepole. Mshale utakwenda upande mmoja, utasimama, utarudi. Pale unapogeuka, weka sifuri. Sasa geji hiyo ikiingia kwenye silinda namba moja, namba utakayoisoma ndiyo nafasi yenyewe. Hukutoa wala kujumlisha, na kama maikromita yako ina kosa la mikroni 5, kosa hilo limeingia pande zote mbili likajifuta. Pima juu, katikati na chini, kwa mwelekeo wa krenki na kwa kuukata. Tofauti kati ya vipimo hivyo sita ikizidi mia moja ya milimita kwenye injini ya mbio, mrudishie. Pima kila pistoni, iandike namba, na kila silinda ihoniwe (imaliziwe kwa mawe ya kusaga) kwa pistoni yake. Pistoni nne za boksi moja huwa karibu sana, lakini karibu si sawa.

Joto tena. Silinda iliyotoka kuhoniwa bado ina moto wa mawe. Ikiwa na nyuzi 10 juu ya pistoni iliyokuwa mezani, kipenyo kimekua mikroni 9, na fundi anayeharakisha ataisoma kama nafasi ambayo kesho haitakuwepo. Kinyume chake ni pistoni iliyoshikwa mkononi muda wote wa maelezo: inapanda nyuzi 10 kwa urahisi, na mikroni 19 zimeingia kwenye maikromita. Bloku, pistoni na vifaa vya kupimia vilale chumba kimoja usiku mzima. Vipimo vya mwisho vifanywe asubuhi, pistoni ikishikwa kwa kitambaa.

Swali moja la kumpima fundi wako: ana bamba la toki la 4G63? Ni bamba nene la chuma linalofungwa mahali pa silinda hedi wakati wa kuhoni, kwa boliti zilezile, gaskiti ya aina ileile na toki (nguvu ya kukaza) ileile utakayotumia mwishoni. Boliti za hedi zikikazwa huvuta chuma cha bloku, na silinda iliyokuwa duara inapinda karibu na matundu ya boliti. Ukihoni bila bamba, unapata duara zuri mezani na yai ndani ya gari. Na injini ya bar 2 haitafungwa kwa toki ya kiwandani, kwa hiyo upindaji wako ni mkubwa kuliko wa gari la kawaida. Kepu za krenki nazo zikazwe wakati huo. Kama hana bamba, tafuta mwenye nalo. Mimi ningekubali 0.09 iliyohoniwa kwa bamba kabla ya 0.10 iliyohoniwa bila hilo bamba.

Hukuuliza kuhusu ringi, lakini nitakuwa nimekunyima kitu nikinyamaza. Mwanya wa ncha za ringi ya juu ndio unaoua injini nyingi za turbo ambazo baadaye husemwa pistoni ilikamata. Ringi inapata moto, inarefuka, ncha zinakutana, haina pa kwenda, inajikaza kwenye ukuta na kuikwangua silinda, na mara nyingine inang'oa kipande cha pistoni juu yake. Kwa busti yako anza na 0.45 hadi 0.50 kwa ringi ya juu, ringi ya pili iwe sawa au zaidi kidogo, na kadi ya ringi ikisema zaidi ifuate. Mwanya mkubwa kidogo utakupotezea gesi chache. Mwanya mdogo utakupotezea bloku.

Pia usizibe zile pua za oili zinazonyunyizia chini ya pistoni. Wapo wanaozifunga kwa kulinda presha ya oili. Kwenye mbio za dakika 20 pua hizo ndizo zinazoiondolea pistoni joto, na ukiziziba, nafasi niliyokupa haina kazi tena, itabidi tuanze hesabu upya.

Injini ikishafungwa, kuiwasha na kuipa busti ndani ya dakika moja ni kuiomba ikamate. Alumini hupata moto haraka kuliko chuma kizito cha bloku, kwa hiyo nafasi hupungua zaidi katika dakika za mwanzo, kabla ukuta haujaifuata pistoni. Subiri joto la oili, si la maji peke yake. Maji hufika nyuzi 80 wakati oili bado inajikokota.

Baada ya mbio za kwanza mbili tatu, ukipata nafasi ya kufungua, toa pistoni na uisome. Mikwaruzo minne, miwili kila upande wa sketi, karibu na pini kulia na kushoto, inasema pistoni ilitanuka kuliko silinda: nafasi ni ndogo au injini ilikimbizwa baridi. Hapo ongeza mia moja au mbili. Mkwaruzo mpana katikati ya sketi, upande unaosukumwa, mara nyingi ni oili iliyokosekana au petroli nyingi iliyouosha ukuta, kwa hiyo kagua mafuta yanayoingia na oili inayofika. Ringi ya juu yenye ncha zinazong'aa ni mwanya mdogo. Na kama kipande cha pistoni kati ya ringi ya kwanza na ya pili kimevunjika huku sketi ikiwa safi, silinda usiiguse kabisa: mrudie anayekupangia kompyuta ya injini, apunguze taimingi.